Mwezi Uliosimama Ukutani

Anasia mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na kicheko chako nakisikia hapa nilipo, wewe na shangazi yako mkilikalia sanduku lipate kufungika. Mambo ya sweta, sabuni, sala za jioni na kutomwamini kila anayekuchekea, mama yako ameyasema yote, na mengine ameyarudia mpaka umeanza kumalizia sentensi zake. Mimi nimejifungia humu nikisingizia kwamba napanga karatasi zako za safari. Karatasi zilishapangwa tangu jana. Nimekaa na kalamu kwa sababu nimechukizwa, na nisipolitoa jambo hili leo, kesho utapanda nalo treni, Mombasa utapanda nalo meli, utafika nalo Uingereza bila kujua kwamba umelibeba.

Nimechukizwa na sherehe ya leo mchana. Chakula hakikuwa na tatizo. Loshoro ilikuwa nzuri, mahindi yameiva na maziwa yameganda sawasawa, nyama ilitosha, hata waliokuja bila kualikwa wamerudi kwao wameshiba. Nimechukizwa na kile kichekesho.

Nakukumbusha, maana huenda umekwisha kukisahau. Kwako kilikuwa cha kupita tu. Mwalimu Mkuu wangu alisimama na lile koti lake, mafuta ya nyama yakimng'aa kidevuni, akasema wewe ni binti wa kwanza wa upande huu wa mlima kupelekwa Ulaya kusomea ualimu. Wanawake wakapiga vigelegele. Akaendelea, "Na huyu, jamani, ndiye aliyelipata lile swali la mwezi katika mtihani wa darasa la nane, swali lililowaangusha wenzake. Hebu simama, binti, utuambie uliwezaje."

Ukasimama. Ukasema, "Shikamooni wazee wangu. Mimi nilichora wa kitabuni tu. Ningechora wa kwetu ningefeli. Mwezi wa Ulaya unasimama wima kama askari kwenye gwaride. Huu wa kwetu umelala chali kama mlevi wa siku ya soko."

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Mwalimu Mkuu alijifuta machozi kwa leso ileile aliyojifutia mafuta. Mzee wa kanisa, ambaye sijapata kumwona akicheka tangu nimjue, alicheka mpaka akakohoa. Na mimi baba yako nilicheka kuliko wote. Nilipiga hata paja. Nilikuwa bado nacheka nilipoondoka ghafla kwenda nyuma ya zizi, nikasimama huko nikitema mate kama niliyekula kitu kilichooza. Mama yako akadhani ni nyama.

Haikuwa nyama. Nilikuwa nimekusikia ukisema mbele ya watu wote kwamba mwezi wa kwetu ndio uliokosea.

Wewe si mjinga. Kichekesho kile hukukiokota njiani, kilikulia humu nyumbani, na aliyekinywesha maziwa ni mimi. Mengine ya jambo hili unayajua, ulikuwepo. Lakini uliyaona ukiwa mtoto, na mtoto humsamehe baba yake upesi mno, hata kabla hajaelewa anasamehe nini. Kwa hiyo yasome tena sasa ukiwa mtu mzima.

Ile picha ya ukutani darasani kwangu unaijua. Jua upande mmoja, dunia katikati, na mwezi ukiizunguka dunia kwa maumbo yake yote: mchanga, nusu, mpevu, kisha unapungua. Mende wameshaila kwenye kingo na inanuka gundi na vumbi la chaki. Kwenye picha ile mwezi mchanga umesimama wima, mgongo kulia, pembe kushoto. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na aliyenifundisha alikuwa amefundishwa na picha kama hiyohiyo. Nilipopewa darasa nikauchora ubaoni hivyo, na watoto wakauchora hivyo kwenye karatasi zao.

Si wote. Kila mwaka walikuwapo waliouchora umelala, pembe juu, kama pembe za ng'ombe anayekutazama. Hao niliwapiga mkasi wa wino mwekundu, alama ya kukosa. Sikuwapiga kwa hasira, niliona nawasaidia. Nilikuwa nasema, "Unyanyue mwezi wako, mtoto, umeanguka," na darasa likacheka. Sasa unaona kichekesho chako kilikotoka.

Na huku nyumbani, Anasia, jioni zote hizo, nilikuwa nakamua ng'ombe nikiwa nimeelekea magharibi. Mwezi mchanga ukitoka ulikuwa unakaa pale juu ya upande wa Kisongo, umelala wazi, pembe mbili juu, kila mwezi, miaka nenda miaka rudi. Niliuona. Nilikuwa natumia mwanga wake kutafuta kamba ya ndama. Halafu asubuhi naingia darasani, nachukua chaki, nauchora umesimama. Hata siku moja miezi hiyo miwili haikukutana kichwani mwangu. Wa shule ulikuwa wa shule na wa nyumbani ulikuwa wa nyumbani, nami nilikuwa navuka kati yao kila siku na viatu vyangu vya ualimu bila kujikwaa. Nikijifikiria vile nilivyokuwa, najionea kinyaa.

Ukafika darasa la nne, ukawa mwanafunzi wangu. Ukauchora umelala. Nikakupiga mkasi kama wengine. Jioni ile ulinishikia ndoo ya maziwa. Ukaniuliza, "Baba, mbona ule pale haujasimama?"

Nikakujibu, "Ule si wa mtihani."

Sikugeuza hata shingo. Ukasema, "Ndiyo, Baba," ukabeba ndoo ukaenda zako. Nami nikafurahi moyoni, nikasema huyu mtoto ni mtiifu, atafika mbali. Leo nikiikumbuka ile "Ndiyo, Baba," najisikia kama mtu aliyeona unywele kwenye bakuli la uji baada ya kuumaliza.

Hukuniuliza tena. Hilo ndilo lililoniuma baadaye, kwamba hukuniuliza tena. Mtoto aliyekuwa anauliza kwa nini bata hawazami na kwa nini moto una rangi mbili, kwenye mambo ya anga alinyamaza kabisa, akawa anapata alama zote.

Nilikuja kuelewa siku ya likizo, saa kumi alasiri, na wala sikuwa natafuta elimu. Nilikuwa nimekaa nje nakula machungwa. Nikainua moja juu niliangalie kama limetobolewa na wadudu, jua likalipiga upande mmoja. Nyuma yake, mbali angani, kulikuwa na nusu ya mwezi, ule unaoonekana mchana. Chungwa langu na mwezi vilikuwa vimeangaziwa upande uleule, kwa mwinamo uleule, kama kuna mtu aliyevipaka rangi kwa mkono mmoja. Nikalishusha chungwa, nikaliinua tena. Nikalisogeza karibu na mwezi. Ni vilevile.

Nilibaki pale mpaka mama yako akauliza kama nimepigwa na jua. Kumbe mambo yenyewe ni mepesi mno. Mwezi hauna mwanga wake. Upande wake unaong'aa ni upande lilipo jua, basi, na umbo lake ni habari tu ya kule jua liliko. Maneno haya nilikuwa nayafundisha kila mwaka! Nilikuwa nayajua kama ninavyolijua jina langu, na sikuwa nimeyaelewa hata kidogo. Jioni ile nilikaa nikalitazama jua linavyozama. Lilishuka wima, moja kwa moja, mpaka likaingia ardhini. Mwezi mchanga ulipoandama majuma matatu baadaye nikaona ulikuwa juu yake kabisa, jua limepita chini yake punde tu. Sasa mwanga ungeupiga wapi kama si tumboni? Ndiyo maana umelala. Kuna miezi huinamia kidogo upande wa mlima na miezi mingine huinamia kidogo upande wa nyika, lakini hapa kwetu hulala.

Kule Uingereza jua halizami wima. Linateleza pembeni, polepole, ndiyo maana wanasema jioni za huko ni ndefu. Likishazama linakuwa chini na pembeni ya mwezi, na mwanga unaupiga ubavuni, hivyo unaonekana umesimama. Kwa hiyo ile picha ya ukutani haisemi uongo. Inasema kweli tupu, kwa mtu anayekaa kule. Uongo ulikuwa kinywani mwangu, niliposema kwamba hivyo ndivyo ulivyo na aliyeona vingine ameanguka.

Shule ilipofunguliwa niliwatoa watoto nje na machungwa. Wewe ulikuwa umeshapanda darasa, lakini ulituona dirishani, najua, maana ulinipungia mkono. Hatukumaliza hata robo saa. Mwalimu Mkuu akaja na fimbo yake kwapani.

"Mwalimu, mnafanya sherehe gani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Akatazama juu, akatazama chungwa, akasema, "Unayosema ni kweli. Hata mimi nimeuona umelala tangu utoto wangu. Lakini mtihani unatoka Dar es Salaam, Mwalimu, hautoki kwenye mchungwa. Warudishe ndani."

Sikiliza vizuri hapo. Alikuwa anajua. Aliona, akajua, na haikumsumbua hata kidogo, kama mtu anayejua kuna panya aliyekufa chini ya kitanda na bado analala usingizi. Nikawarudisha watoto ndani. Machungwa tuliyala.

Nilijifariji kwamba kosa ni la Wazungu. Nikasubiri yule Mzungu mkaguzi wa shule aje, nikajiandaa kwa maneno makali, nikakesha nikiyapanga kwa Kiingereza. Akaja, nikamwambia. Unajua alifanyaje? Alisema, "Ndivyo? Ajabu sana," akapenga kamasi, akatazama saa yake, akaniuliza choo cha wavulana kimechimbwa lini. Hakunikataza. Hakuniruhusu. Mwezi wetu ukilala au ukisimama kwake ni mamoja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu, nikakosa hata wa kumchukia. Hakuna Mzungu aliyesimama mlangoni kwangu na bunduki akisema nyanyua mwezi ule. Tuliunyanyua wenyewe, mimi na Mwalimu Mkuu na waliotutangulia, na jasho letu wenyewe, kwa sababu alama zilikuwa upande ule.

Nami nikaendelea. Mwaka uliofuata nikauchora umesimama, na uliofuata. Wino mwekundu niliuacha, hilo nililiweza. Waliouchora umelala nilikuwa nawarudishia karatasi bila alama yoyote na bila neno. Nilijiona nimekuwa mtu mwema. Ni wema wa namna gani huo, wa kumwachia mtoto karatasi tupu akajiulize mwenyewe? Ukafika mtihani wako wa darasa la nane, ukanijia jioni ukiwa na daftari, ukaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza bei ya kitu cha wizi, "Ukitoka mwezi, nichore upi?"

Nikasema, "Chora wenye alama."

Ukatoka mwezi. Ukachora wenye alama. Ukapata shule ya wasichana, na sasa Uingereza. Wenzako wawili walioketi dawati moja nawe, waliochora walichokiona kwa macho yao, wamebaki huku. Mmoja anauza ndizi pale njia panda ya Makumira, na leo alikuja kwenye sherehe yako akakuletea mkungu. Ulipotoa kile kichekesho, na yeye alicheka. Ulimwona? Mimi nilimwona.

Sikwambii ulitenda vibaya. Ulitenda nililokutuma. Wala sikwambii ungeuchora umelala ukafeli, maana nisingependa uwe unauza ndizi, na kusema kinyume chake kutakuwa unafiki mwingine juu ya ule wa zamani. Ninachokiogopa kiko mbele yako.

Ninaogopa jioni moja huko, pengine majuma machache baada ya kufika. Utakuwa umetoka nje, baridi inakuuma masikio, utainua macho na utauona. Umesimama. Wima kabisa, mgongo kulia, pembe kushoto, vilevile kama ukutani kwangu. Moyo wako utaruka, nawe utasema, kumbe ni kweli! Na hapohapo, bila mtu yeyote kukuambia, utafanya hesabu ndogo moyoni: kama ule wa kitabuni ni wa kweli, basi wetu ulikuwa nini? Na kama macho yangu ya utotoni yalikosea hata mwezi, yalikosea mangapi mengine? Hapo ndipo ninapoogopa. Ukianza kuyatilia shaka macho yako ukiwa peke yako ugenini, hakuna wa kukurudishia. Utaanza na mwezi, utafika kwa mama yako na loshoro yake, utafika kwa lugha tunayosemeshana jikoni, na kila kitu cha kwetu utakiona kimeanguka. Halafu watakuomba uwasimulie habari za kwenu, na utawapa kile kichekesho, maana kinachekesha kweli, na watacheka, na utakuwa umeshalipa kiingilio.

Basi fanya hivi mara moja tu. Chukua chungwa, kama wanayo. Choma njiti moja ya kibiriti kwenye tumbo lake, na nyingine juu, karibu na kikonyo. Ya tumboni ni mimi, hapa chini ya Meru. Ya karibu na kikonyo ni wewe huko. Kila njiti imesimama wima pale ilipo, na kila moja ikiitazama nyingine inaiona imeinama. Hakuna iliyokosea kusimama. Dunia ni mviringo. Nilikufundisha hilo darasa la nne na ukalipatia alama, lakini hatukuwahi kukaa chini tukaliwaza mimi na wewe, mviringo maana yake nini kwa watu wawili wanaopendana wakiwa mbalimbali.

Na si mwezi tu. Huku kwetu saa sita mchana jua miezi mingine liko kaskazini upande wa mlima, miezi mingine kusini upande wa nyika, na kivuli chako kinahama nalo. Huko saa sita litakuwa kusini daima, na wakati wa Krismasi litapita chini sana, utadhani linaumwa. Watakuambia kivuli cha mchana huangukia kaskazini, na watakuwa wamesema kweli ya kwao. Wewe itikia, andika, upate alama zako. Ila moyoni ongeza neno moja tu: hapa. Kivuli huangukia kaskazini, hapa. Mwezi husimama, hapa. Mimi neno hilo lilinipotea ujana wangu wote, nami nilikuwa mwalimu.

Utaniuliza nitafanya nini Jumatatu, darasani. Sijui. Ningependa kukuandikia kwamba nitaichana ile picha nimpe Mwalimu Mkuu vipande, lakini wadogo zako wanakula kwa mshahara uleule, na mtihani bado unatoka kulekule. Pengine nitachora miezi yote miwili ubaoni na kumsubiri Mwalimu Mkuu aingie na fimbo yake kwapani. Pengine nitanywea tena. Siwezi kukuahidi kitu, maana umeniona nikinywea mara nyingi mno kuamini ahadi yangu, na sitaki uongo uwe kitu cha mwisho kukupa.

Nilikuwa nataka kuandika zaidi, lakini giza linaingia na nimeinua macho dirishani. Umeandama. Uko pale upande wa magharibi juu ya miti, mwembamba, na hautakaa sana, ndani ya saa moja hivi utakuwa umezama. Miaka yote hii nimekufundisha mwezi, Anasia, na hatujawahi kusimama nje mimi na wewe tukautazama. Hata mara moja. Mwalimu na mwanafunzi wake, baba na mtoto wake, na mwezi uko mlangoni.

Kwa hiyo naacha hapa. Barua hii nitaichomeka sandukuni, utaisoma njiani. Sasa hivi nakuja kukuita nje, na mama yako akigomba kwamba kuna baridi na sanduku bado, na agombe. Nitakuonyesha jinsi ya kuinamisha kichwa begani mpaka uuone umesimama, kama utakavyouona huko. Na wewe ukifika huko, inamisha kichwa kwenye bega lile jingine, mpaka uuone umelala.

Baba yako